Buibui Aliyepewa Jina la Mama

West Indies, Eldoret
Machi 9

Mpenzi Mama Kinuthia,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi na vumbi la mahindi. Mimi ni mzima, isipokuwa bega la kulia ambalo sasa ni mali ya magunia ya tajiri wangu Hussein. Wewe je, na mtoto? Yule ng'ombe wa kukohoa amepona?

Naandika kwa sababu kwa simu tunaishia kugombana, na mtandao wa Kinangop hukatika mahali pabaya. Idris atakupa hii akija na lori kuchukua viazi. Ni huyo huyo Idris aliyeniambia jambo tukishusha mzigo: "Baba Kinuthia, kwako kuna mgeni. Kijana ana tochi kichwani. Nimewakuta yeye na mama wakitoka stoo, wote wana utando kwa nywele."

Abdinasir, tunayebeba naye, akasema, "Wallahi, huyo ni fundi wa stima."

Walicheka, mimi sikucheka. Stoo yetu haina stima. Haina hata dirisha. Niliichimba mwenyewe kwenye mteremko ili viazi visione jua.

Huyo ni nani?

Mumeo,
Baba Kinuthia


Kinangop
Machi 17

Baba Kinuthia,

Hatujambo sote, ng'ombe amepona. Bega likande kwa maji moto. Mwambie Abdinasir akusaidie, si kucheka tu.

Kijana anaitwa Antony, ni wa chuo kikuu, anasoma buibui. Ndiyo, buibui! Wale wa miguu kama nyuzi, ukiwagusa wanatikisika mpaka huwaoni sawasawa. Mimi nilidhani ni aina moja dunia nzima. Antony anasema kuna jenasi nyingi, yaani koo, na jenasi moja tu inaweza kuwa na spishi nyingi ajabu, nyingine ziko mlima mmoja na hazipatikani kwingine. Kwa macho wanafanana. Antony anasema mpaka umweke dume chini ya hadubini uangalie vile vijimkono vyake karibu na mdomo. Kila spishi ina vyake, na vinaingiana na jike wake tu, kama ufunguo na kufuli.

Na jike hubeba mayai yake mdomoni mpaka yaanguliwe. Nilisimama nikamtazama sana. Nilikuwa nikiwafagia hawa bila kuwaangalia.

Antony anasema wa kwetu hajamwona kwenye kitabu chochote.

Mkeo,
Mama Kinuthia


West Indies, Eldoret
Machi 24

Mama Kinuthia,

Natumaini mko salama. Mimi siko salama sana.

Jina langu liko juu ya barua. Chini yake yote ni Antony anasema, Antony anasema. Na huyo kijana anakueleza habari za ufunguo na kufuli mkiwa wapi? Kwenye giza la stoo yangu?

Jana niliwaona hao hao kwenye pembe za stoo ya Hussein. Miaka yote sikuwa nimewaona. Nikachukua ufagio. Hussein akapiga kelele kutoka mlangoni: "Gerishon! Weka chini. Buibui hauawi hapa. Amekukosea nini?"

Abdinasir akajibu kwa niaba yangu: "Amemchukulia mke, mzee."

Wapakiaji wote walilala juu ya magunia kwa kucheka. Nimekuwa mtu wa kuchekwa Eldoret nzima kwa sababu ya mdudu.

Mumeo,
Baba Kinuthia


Kinangop
Aprili 6

Baba Kinuthia,

Salamu za haraka, Idris anapiga honi. Acha wivu, kula vizuri.

Yule jike wa stoo sasa ana jina! Antony aliniachia mimi nichague. Kwanza litakaa kwenye karatasi zake mpaka wakubwa wa kazi hiyo wakubali. Nimechagua jina la mama. Najua utafurahi.

Mkeo,
Mama Kinuthia


West Indies, Eldoret
Aprili 9

Chepkirui,

Sikuulizi hali.

Kwetu binti wa kwanza huchukua jina la mama wa mume. Ulijua hivyo tangu nikuoe. Binti hatukupata, na mama yangu akaingia kaburini bila wa kurithi jina lake. Sasa umekaa na mwanamume mwingine, kwenye stoo niliyochimba kwa mikono yangu, mkatoa jina, na jina lenyewe ni la mama yako wa Bomet. Kutoa jina ni kazi ya mke na mumewe. Nyinyi wawili niwaite nani?

Fagia hiyo stoo. Usibakize hata mmoja. Mwambie kijana achukue tochi yake aende. Mwezi wa nane, nilivyoahidi kuja nyumbani, msinitarajie.

Baba Kinuthia


Kinangop
Juni 2

Kwa Gerishon,

Hatujambo.

Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa nikifanya ulichoagiza. Nimefagia, utando nikauchoma. Antony alikuja akakuta stoo tupu. Nilimwambia mwenye stoo amekataa. Alikuwa hajapata dume, na bila dume hawezi kuthibitisha kitu. Ana jike mmoja kwenye chupa, basi. Alishukuru kwa chai ya siku zile akaenda.

Jina lilikuwa Nyokabi.

Mama yangu mzazi tunamwita Mama Bomet, hata wewe. Mama, bila kuongeza neno, hapa kwetu ni mmoja. Ni yule mama yako aliyenipokea nilipoolewa, sijui hata kukata kiazi cha mbegu, akanishika kidole akakiweka juu ya jicho la kiazi: "Hapa ndipo kunatoka mmea, usikate hapa." Nilisema kama binti hakuja, jina likae mahali halitapotea.

Chepkirui


West Indies, Eldoret
Juni 8

Mama Kinuthia,

Umesaini Chepkirui kama mtu anayeandikia ofisi. Nimeona, na imeniingia.

Nilimwambia Hussein, "Mama yangu nimemfagia." Hakuelewa, lakini alisema, "Nenda nyumbani." Abdinasir hakufanya mzaha, alinibebea magunia ya mwisho.

Sitakudanganya kwamba wivu umeisha. Namwonea wivu mtu anayeingia stoo yangu mchana wakati mimi nabeba mahindi ya watu. Hata buibui nawaonea wivu, maana wao wanakaa hapo. Lakini nakuja na Idris Jumamosi. Nitaingia kwa magoti na tochi, pembe kwa pembe, nitafute dume. Hata ikiwa ni wa kumpa Antony.

Mumeo, ukikubali bado,
Baba Kinuthia


Ujumbe wa simu
Juni 14

Baba Kinuthia, habari ya safari? Natumaini Idris haendeshi kwa fujo.

Nyuma ya mlango wa stoo ufagio haukufika. Yuko mmoja, ana mayai mdomoni. Kando yake kuna mwingine, mwembamba. Kama ni dume sijui, macho yangu si hadubini.

Antony sijamwita. Namba yake nitakupa ukifika, utampigia wewe.

Ule mlango usiupige teke kama ulivyozoea. Fungua polepole.

Mkeo,
Mama Kinuthia