Kinyozi Aliyeletewa Gurdev

Aurélie, miezi yote hii sikutambua kwamba Gurdev, fundi wetu wa maji, Mhindi wa dini ya Sikh, nywele zinamnyonyoka chini ya kilemba.

Samy, mwenzetu wa ofisini, ndiye aliyetambua. Leo, mbele ya ofisi nzima hapa Mweso, amemletea kinyozi!

Kinyozi, Aurélie! Mtu ambaye dini yake inamkataza wembe tangu kuzaliwa!

«Papa Gurdev, tunyoe yote, njo itaota tena muzuri. Siye tunafanyaka vile!»

Watu wakaangua kicheko. Gurdev akamjibu kwa hasira: «Samy, hizi zenye zimebakia njo ahadi yangu kwa Mungu. Unataka niivunje juu ya kipara?»

Na mimi nilikuwa nimecheka. Nilicheka!

Gurdev amehamisha meza yake. Sasa anakula peke yake.