Kengele ya Mlango wa Friji

Nafula,

Niaje huko? Najua ungenicheka kwa barua ndefu hivi, wewe ambaye hata meseji ulikuwa unajibu kwa neno moja. Lakini kuna jambo limenikaa kifuani wiki nzima, na wa kuambiwa ni wewe tu.

Huu ni mwezi wa tano tangu tukuzike kwenu Bungoma. Karakana iko palepale Kawangware, steji ya 56, juu ya duka la hardware, na bado tunatengeneza vile visanduku vya kulinda friji za chanjo. Meza yako haijapewa mtu. Otieno huweka sufuria ya chai hapo, mimi huitoa, naye huirudisha. Bosi ni bosi.

Jumatatu akaniambia, "Wanjiru, ile skripti ya Nafula ya kukagua programu tuifute. Inachukua saa nzima. Nani ana saa nzima?" Alisema kwa upole, ni kama alikuwa amejiandaa. Na hakukosea. Tangu uende hakuna aliyeiendesha. Nilikaribia kusema sawa. Halafu nikaifungua, nikaona jina lako pale juu, na chini yake umeandika: "Tafadhali ngoja imalize." Nikamwambia anipe siku tatu.

Unakumbuka ulivyonieleza mara ya kwanza, tukila chapo madondo pale kibandani? Ulisema programu yetu ni moja lakini kliniki hazifanani, kwa hivyo kila kipande kina swichi yake, na swichi zote zimeandikwa kwenye orodha. Ukitaja swichi ambayo haiko kwenye orodha, kompyuta haigombi. Inadhani tu imezimwa, inaruka kile kipande, inaendelea na mambo yake. "Hilo ndilo kosa baya, Shiru. Halipigi kelele." Ndiyo maana uliandika skripti ya kuyatafuta majina ya aina hiyo.

Sasa nimeisoma yote, na nisamehe, lakini ilikuwa inatembea kama mtu anayeenda soko kununua nyanya, anarudi nyumbani, anaenda tena kununua kitunguu, anarudi, anaenda tena kutafuta dania. Kila jina moja, inasoma orodha nzima upya. Ulipoiandika programu ilikuwa ndogo, na ilitosha. Yangu inasoma orodha mara moja, inaiweka kichwani, halafu inapita kila faili mara moja tu na kuandika majina yasiyo na kwao.

Kufuta mistari yako kulikaribia kunishinda. Nilifuta mmoja, nikalia, nikafuta mwingine. Otieno akasema anaenda kununua kredo ya simu. Alikuwa nayo.

Siku ya tatu, asubuhi, nikaiwasha, nikainuka kumimina chai. Kabla sijarudi kuketi ilikuwa imemaliza. Nikadhani imekufa. Nikairudia. Nafula, sekunde! Nikacheka peke yangu kama mwendawazimu.

Kisha nikasoma majibu. Majina tisa. Manane ni ya vifaa vya zamani ambavyo hatutengenezi tena. La tisa lilikuwa KENGERE_MLANGO.

Huhitaji kuambiwa ni nani aliyeliandika. Miaka yote ulinisahihisha, "Shiru, ni chakula, si chakura," mpaka mama wa kibanda akatuuliza tumekunywa nini. Kwenye orodha ulikuwa umeandika KENGELE, sawasawa. Mimi ndiye niliyeandika kile kipande cha kupiga kengele mlango wa friji ukiachwa wazi dakika mbili, na nikaandika kwa ulimi wangu.

Siku ile nilipokimaliza ulikuwa wodini. Ulinipigia simu ukaniuliza, "Shiru, umeendesha skripti?" Nikasema, "Eeh, iko safi." Sikuwa nimeiendesha. Saa ya kuona wagonjwa ilikuwa inakaribia kuisha na nilitaka kukuona. Ulisema tu, "Poa. Basi kuja." Nikaja. Nilikukuta umelala, nikashika mguu wako juu ya blanketi mpaka manesi wakanifukuza. Kengele ya umeme ukipotea tulikuwa tumeijaribu mezani, ikalia, tukaridhika. Ya mlango hakuna aliyeijaribu.

Visanduku vilikuwa vimeenda kliniki tatu.

Nilimwambia Otieno yote, hata ule uongo. Aliweka kikombe chini. Kisha akasema, "Chukua kompyuta, twende."

Ya kwanza, ya mtaa wa Satellite, tulirekebisha kisanduku; mlango haukuwa umewahi kuachwa wazi. Ya pili pia. Ya tatu ni ile ya Kibera, karibu na anakoishi Mama yako, na nesi wa chanjo anaitwa Sister Consolata. Nilipotaja mlango alishtuka. Kuna siku foleni ya watoto ilikuwa ndefu, akausukuma mlango bila kuangalia kama umeshika, akaja kugundua alasiri. Chanjo zote zikatupwa. Kina mama wakarudishwa nyumbani na watoto wao mpaka zije nyingine. Naye akaandikiwa barua ya onyo.

Nikamwambia, "Sister, kosa lako lilikuwa la dakika mbili. Kengele ingekuita. Yale masaa mengine yote ni yangu."

Aliketi kwenye benchi. Akasema, "Mimi nimekuwa nikijiuliza kama masikio yangu yamezeeka."

Niliketi kando yake, Nafula. Miezi yote hiyo, mama wa watu.

Hapo pia tulibadilisha ile herufi moja. Tukafungua mlango, tukasimama watatu tukiitazama saa ya ukutani. Ikalia. Sister akaziba mdomo kwa mkono. Siku hiyohiyo tukamwandikia mkubwa wake, mimi na Otieno tukatia sahihi, na jana Sister amenipigia kusema ile barua ya onyo imeondolewa. Watoto walishachanjwa wote, aliwatafuta mmoja mmoja yeye mwenyewe. Hilo halinisafishi, lakini usiku nalala.

Siku ile ya Kibera, tukitoka kliniki, nilipitia kwa Mama yako. Amekonda kidogo, lakini anakula. Aliniwekea uji, kisha akaniuliza, "Shiru, hebu niambie. Huyu msichana wangu kazi yake ilikuwa nini hasa? Watu waliniuliza matangani, nikawaambia ni kompyuta, nikanyamaza." Nilijaribu kumweleza mambo ya swichi na orodha, nikavuruga kila kitu. Alinihurumia tu.

Skripti mpya ina jina lako juu, langu liko chini yake. Nakuahidi nitaiendesha kila siku ya kazi, na nikikosea nitasema mapema, kabla mtu mwingine hajabebeshwa lawama yangu.

Na Jumamosi nampeleka Mama kliniki. Sister amekubali. Tutamweka kwenye kiti mbele ya friji, yeye mwenyewe aufungue mlango, tungoje zile dakika mbili. Ikilia nitamwambia, "Mama, kazi yake ndiyo hii."

Pumzika, rafiki yangu.

Shiru wako