Leo Mbeleko Nimefungwa Mimi

Jumanne. Mvua ya asubuhi ilikatika, jua likatoka kali na ardhi yote ya Palma, huku kwetu Msumbiji, ikafuka mvuke. Naandika usiku huu nimechoka, kwa hiyo nikikosea herufi mnisamehe.

Zainabu anaumwa. Mwanangu wa mwaka na miezi minne, mwenye meno sita na kiburi cha mtu mzima, anaharisha tangu jana adhuhuri.

Niseme ukweli kabla sijaanza kujitetea: mimi ndiye niliyeng'ang'ania aachishwe ziwa. Kwetu mama husafiri siku chache ili mtoto asahau. Atija, mke wangu, hakutaka. Nikamwambia nenda kwa dada yako Mocímboa, mimi ni profesa, mwalimu wa shule, darasani nina watoto sitini, huyu mmoja atanishinda?

Amenishinda.

Asubuhi nilimpeleka posto, zahanati yetu. Enfermera, muuguzi wa hapo, akanipa pakiti za soro, ule unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji yaliyochemshwa, nimnyweshe kijiko kimoja kimoja bila kuchoka. Kisha akaninyooshea kidole: kama mpaka alasiri hajakojoa, mrudishe mbio, usingoje kesho. Nikarudi nyumbani. Kuharisha kulikuwa kumepungua, lakini tangu alfajiri hakuwa ametoa hata tone la mkojo. Macho yalikuwa yamezama, na midomo imekauka.

Nikampigia Atija. Hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Alisema tu, "Baba Zainabu, mwite mama." Gari la kurudi atapata kesho.

Sasa, mama ndiye mkwe wangu, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Miaka minne ya ndoa sijamtazama usoni hata mara moja. Mkwe kwetu ni mtu wa kuonewa haya: nikimwona njiani napita uchochoro mwingine, naye akisikia sauti yangu hujitanda kanga mpaka machoni. Alikuja mbio, masikini, lakini alipofika akakaa kizingitini na kunipa mgongo. Na Zainabu hakutaka kwenda kwa bibi. Kila nikimsogeza upande wa mlango, ananing'ang'ania shati. Wallahi nilifurahi kwamba ananitaka mimi, halafu nikajionea aibu kwa kufurahi.

Kijiko cha kwanza alikitema. Cha pili akakitema. Cha tatu akanipulizia usoni.

Basi tukaanza kuzungumza kupitia kwa mgonjwa.

"Zainabu, mwambie baba yako akubebe mgongoni. Wewe ukikalishwa hunywi, kama mama yako."

"Zainabu, mwambie bibi yako mimi sijui kufunga mbeleko."

"Mwambie ajifunze."

Nikachukua kanga ya Atija, nikainama, nikafunga nilivyoweza. Mtoto akaanza kuteleza. Kabla sijapiga kelele mama mkwe alikuwa ameshafika, kamdaka, kamweka sawa, kaivuta kanga mpaka kifuani mwangu na kukaza fundo. Tukagutuka wote wawili. "Astaghfirullahi," akasema, akarudi haraka nyuma yangu. Na hapo nyuma ndipo alipopata mahali pake: mimi simwoni, yeye hauoni uso wangu, na mdomo wa Zainabu uko mbele yake.

Tukazunguka uani. Mimi mbele na mbeleko, yeye nyuma na kikombe na kijiko. Nikitembea, mtoto anameza. Nikisimama, anatema. Jirani akachungulia juu ya ua wa makuti, akauliza kama profesa amejifungua salama. Nikamwambia salama kabisa, mama na mtoto hawajambo.

Lakini sikuwa na kicheko. Adhana ya alasiri ikasikika na mkojo hakuna. Nikasimama katikati ya ua. Sikutaka kulia mbele ya mkwe, ila nililia. Nikamwambia Zainabu amwambie bibi yake tunarudi posto, na kwamba baba yake ni mjinga.

Nilikuwa nimeshaingiza mguu mmoja kwenye kandambili niliposikia joto kiunoni. Likashuka. Likaingia mpaka kwenye suruali.

Amenikojolea!

Mama mkwe akapiga kigelegele. Majirani wakatoka wakidhani kuna posa. Mimi nimesimama nimelowa, nacheka, machozi yananitoka, na kama mtu angenipa marashi wakati ule ningeyakataa. Nikataka kufungua fundo nivue shati. Hapo nikasikia sauti nyuma yangu, na safari hii haikupitia kwa mtoto.

"Tulia, mwanangu. Usimfungue. Bado anakunywa."

Nikatulia. Tukazunguka tena.

Shati nimelivua magharibi, na ni kwa sababu ya sala tu. Zainabu amelala, midomo si mikavu tena, na kabla ya kulala amekojoa tena, kwenye mkeka wa bibi yake, naye bibi kajisifu kwa mtaa mzima. Mimi sijui kama nitaweza kumkimbia tena njiani. Haya ninayo bado, lakini leo nimemwonea na mapenzi.

Kesho Atija akishuka garini nitamkabidhi mwanawe, na maneno mawili niliyoshindwa kuyasema kwenye simu: nisamehe, mnyonyeshe.