Uvundo wa Chini ya Sakafu

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Huku Itigi tu wazima, na bibi yako anakusalimu sana.

Umeniuliza kama uzibe uwazi ulio chini ya sakafu yako ya mbao ili unyevu usipande. Halafu unaniambia umemfukuza dada wa kazi kwa sababu nyumba inanuka uvundo. Hilo limeniudhi.

Enzi za Mwingereza nilikuwa boi wa mzungu mmoja hapa. Aliziba chini ya sakafu yake udongo ukiwa bado umelowa mvua. Chumba kilipoanza kunuka, akasema ninayenuka ni mimi, akanifukuza. Baadaye mbao ziling'olewa, na chini yake likaonekana tope tupu. Alimwita fundi. Mimi hakuniita.

Acha udongo ukauke, ndipo uzibe. Ila kwanza kamwite yule binti.

Babu yako