Asubuhi Diwani Alipovua Viatu

Nekesa mjukuu wangu,

Hapa Matisi tuko salama. Mahindi yametoa ndevu na mamako amepona mguu. Umeniuliza kama wawakilishi wa wadi nao wawekewe mihula miwili tu kama magavana, maana huko chuoni Mombasa mnagombana juu ya jambo hilo.

Baba yangu alikuwa diwani wa Myanga tangu nikiwa mchanga. Nilipokuwa msichana, wazee walikuja kumwomba asimame tena. Alifurahi, akanichukua twende kusalimia watu. Ukungu ulikuwa mzito, tukatembea kama tunaota. Chemchemini tukawakuta akina mama wakiijengea mawe, kazi aliyowaahidi miaka mingi.

"Mbona hamkuniambia?" akauliza.

"Tulikuambia, Mheshimiwa," mmoja akamjibu kwa upole. "Halafu tukazoea."

Baba alivua viatu, akaingia majini, akabeba mawe pamoja nao mpaka ukungu ukaisha. Jioni aliwaambia wazee watafute mwingine.

Mambo ya sheria siyajui sana. Ila kesho yake baba aliamka alfajiri, akavaa koti la mikutano, akafika mlangoni ndipo akakumbuka hana tena kura za kuomba. Akalivua, akaenda shambani, na kwa mara ya kwanza nikamsikia akipiga mluzi.

Kukhu wako anayekuwaza