Nani Atamufungua Mbuzi?

Bafwasende, tarehe 8 Februari 2009

Mudogo wangu Orly,

Mimi yaya, kaka yako mkubwa, nakusalimia wewe na mama na wote walio nyumbani. Miguu ya mama inaendeleaje? Mimi bado nasimama. Bega la kuume limevimba kwa kubeba mbao, na kikohozi hakijaniacha tangu Noeli, lakini mwenye kukohoa angalau anajua kwamba anapumua.

Barua yako Adrien alinipa mkononi, aliposimamisha lori hapa. Nimefurahi kusikia umepata kazi kwa chumba cha video cha Muzee Dominique, ya kushika mikro na kuwaelezea watu filamu kwa Kiswahili. Mdomo huo mwalimu aliuchapa sana. Leo unakulisha.

Unaniuliza filamu gani ya vita inafanana na kweli, kwa sababu mimi nilikuwa mule. Nitakujibu wazi, maana huku porini hakuna anayeniuliza kitu isipokuwa mbao zimefika barabarani ama bado.

Kambini, komanda wetu alikuwa na televisheni na jenereta. Tulikuwa tunaangalia zile za mwanaume mmoja anayemaliza jeshi zima na risasi hazimwishi. Tulizipenda kuliko chakula. Rafiki yangu Willy aliiga ile namna ya kusimama wazi na kufyatua bunduki ikiwa kiunoni. Alisimama hivyo mara moja tu.

Ile ninayoipenda mimi ni ya zamani, haina rangi. Askari wanatembea kwenye theluji. Filamu nzima wanatembea. Mmoja anashona kifungo, mwingine anatafuta soksi yake. Wenzangu walipiga miluzi, wakasema zima hiyo. Lakini vita ni hiyo. Ni kutembea, njaa, kuharisha, kungoja. Hakuna muziki wa kukwambia sasa ogopa.

Na wanaokufa hawasemi maneno makubwa. Katika filamu wanataja nchi yao na bendera. Mimi nilimwona mmoja akifa, Orly. Ilikuwa karibu na Nizi, mwaka 2003. Alikuwa wa upande ule mwingine, rika langu. Wakubwa walimkuta ameumia tumbo, wakaniacha nimlinde, wakaenda zao. Mvua ilinyesha mchana mzima. Nilidhani ataomba maji au atanitukana. Aliuliza kitu kimoja tu: “Nani atamufungua mbuzi?” Kwa maneno ya vipande nikaelewa: siku walipokimbia kwao, yeye ndiye alikuwa amemfunga mbuzi wa mama yake, mwenye pembe moja, nyuma ya jiko, na hakuna aliyemkumbuka. Aliuliza mpaka sauti ikaisha. Nilimzika kwa karai la wachimba dhahabu. Sikumuuliza jina. Risasi iliyompata sijui ilitoka kwa nani. Siku ile tulifyatua wengi.

Hiyo ndiyo filamu yangu, na hakuna aliyeipiga picha.

Nimechoka huku. Nataka kurudi kabla bega hili halijakataa kabisa. Wanasema amani iko. Wewe uko hapo, niambie kama mtu wa historia yangu anaweza kutembea sokoni akanunua majani ya sombe kama wengine.

Yaya wako,
Ézéchiel


Bunia, 15 Machi 2009

Yaya Ézéchiel,

Salamu kutoka kwa sisi wote. Mama anasema chemsha majani ya mpera unywe asubuhi kabla ya kula. Miguu yake inauma wakati wa mvua tu. Kuhusu amani: iko, ila inalala jicho moja wazi. Kwa video watu wa pande zote wanakaa benchi moja. Filamu ikiisha, kila mmoja anashika njia ya kwao.

Sasa sikia. Kiingereza cha filamu mimi nakisikia nusu, nusu nyingine natunga. Jumamosi, siku ya posho, tulikuwa na filamu ya vita, askari mmoja anakufa kwenye matope, midomo inacheza, sijui anasema nini. Watu wakaanza kunipigia kelele: “Orly, sema! Umelala?” Maneno yako yakanijia. Nikasema kwa sauti ya kufa: “Nani atamufungua mbuzi? Ule wa mama, wa pembe moja?”

Yaya, walicheka mpaka benchi likavunjika. Muzee Dominique alifuta machozi. “Rudisha nyuma! Rudisha!” Tangu siku hiyo chumba kinajaa hadi dirishani. Hata kwenye filamu ya karate wananiuliza: “Weye Orly, na mbuzi iko wapi?”

Mama mmoja tu hakucheka, muuza samaki wa Kasenyi, aliyekuwa ameingia kutafuta mjukuu wake. Alisimama mlangoni na beseni kichwani, halafu akatoka. Labda hapendi filamu.

Kama una maneno mengine ya kule, nitumie.

Mudogo wako,
Orly


Bafwasende, 20 Aprili 2009

Orly,

Leo salamu ni za mama peke yake.

Barua yako ilikuwa bado haijafika, lori la Bunia likasimama hapa tukawa tunapakia mbao. Kijana mmoja wa juu ya lori, ubao ulimponyoka ukamgonga mguu. Akajitupa chini kwa mchezo, akashika tumbo, akalia: “Nani atamufungua mbuzi?” Wenzake wakajibu kwa pamoja: “Wa pembe moja!” Wakacheka sana.

Niliachia mbao nilizobeba. Walidhani nimevunjika mgongo. Nikamuuliza yule kijana maneno hayo ameyatoa wapi. “Muzee, weye unatoka mu pori gani? Bunia nzima njo inasema hivyo!”

Orly, yule kijana wa Nizi hana msalaba. Hana jina. Alibaki na maneno yale tu duniani, na mimi niliyabeba miaka hii yote bila kumwambia hata padri. Nilikupa wewe. Umewapa watu wacheke.

Na je, umefikiri? Mbuzi wa pembe moja ana mwenyewe. Kutoka Nizi hadi Bunia mtu anatembea asubuhi, jioni amefika. Watauliza nani amesema. Nilikuwa nahesabu jinsi ya kurudi, sasa nitapita wapi?

Usiyaseme tena. Nakuomba kama mtu anayeomba maji.

Ézéchiel


Bunia, 24 Mei 2009

Yaya yangu,

Hukuandika “yaya wako” mwisho wa barua, na nimeona. Nisamehe. Tangu niipokee sijayasema tena, hata walipotupa maganda ya karanga. Mama anakusalimia. Hajui niliyofanya, au anajua na ananyamaza.

Lakini nimechelewa. Yule mama wa samaki amerudi. Anaitwa Emerance. Alikuja kabla hatujawasha jenereta.

“Weye njo unasemaka filamu?”

“Ndiyo, mama.”

“Nani alikuambia juu ya mbuzi?”

“Iko mu filamu, mama. Ni wazungu walisema.”

Akatua beseni chini. “Wazungu hawakujua mbuzi yangu.”

Nilijaribu kucheka, yaya. Hakuniondolea macho. Alikaa benchi la mbele filamu zote za siku hiyo, samaki wake wakiharibika, watu wakiziba pua. Kesho yake vilevile, na siku iliyofuata. Mwishowe Muzee Dominique akaniita pembeni: “Petit, kijana, mupe mama maneno yake, ama watu watanikimbia.” Nikamwambia. Jina lako sikulitaja. Nilisema ni yaya yangu, lakini mtaani kwetu, avenue nzima, wanajua yaya yangu ni nani.

Hakulia. Alisema: “Kama hakumuuliza jina, mwandikie.” Akanisimamia niandike mbele yake. Mtoto wake aliitwa Xavier.

Jioni ile mwanawe mkubwa, Didier, alikuja kwetu na pikipiki yake. Mama alimpa kiti, hakukaa. “Yaya yako akifika Bunia, aanze kwetu,” alisema. “Asipokuja kwetu, siye tutakuja kwenu.” Mama Emerance yeye anasema hataki kesi wala kisasi, anataka mahali pa kupiga magoti. Nilimuuliza: na Didier? Akajibu: “Didier ni mutoto yangu, lakini moyo yake siishiki mimi.”

Sijui nikushauri nini. Tangu siku hiyo mama anaweka kitanda nyuma ya mlango.

Mudogo wako,
Orly


Bafwasende, 21 Juni 2009

Mudogo wangu Orly,

Nawasalimia. Majani ya mpera nimekunywa. Kikohozi sasa kinatoa damu kidogo, usimwambie mama.

Jina nimelipata. Nimeliandika kwa makaa juu ya mbao za tajiri mpaka mkono ukazoea, na kapita, msimamizi wetu, amenitukana kwamba naharibu mali. Sikujua kama X inaweza kuanza jina la mtu. Shule yangu iliishia kabla ya kufika kwa X.

Mwambie Mama Emerance hivi. Ukitoka Nizi, fuata kijito ukishuka mpaka ile mashine kubwa ya chuma ya wakati wa Wabelgiji, iliyolala kwenye majani. Panda upande wa kushoto. Kuna mikaratusi mitatu na kichuguu. Ni chini ya kichuguu. Kichwa nilikielekeza mlimani. Uso niliufunika kwa shati langu, kwa sababu udongo ulikuwa matope na sikutaka umguse. Mwambie hakuwa peke yake. Bunduki yangu niliiweka mbali, mkono wake nikaushika, lakini swali lake sikulijibu. Ningeweza kudanganya. Ningeweza kusema, mbuzi amefunguliwa, lala. Nilikuwa na mchana mzima wa kusema hivyo, sikusema. Hilo ndilo linaloniamsha.

Nimeona filamu mbili ambamo askari anaenda kwa mama wa aliyekufa. Mama anafungua mlango, wanalia, muziki unaingia, mwisho. Hakuna iliyoonyesha kaka wa marehemu amesimama nyuma ya mama.

Huku siwezi kukaa tena. Kapita ananiangalia kama shoka lililovunjika mpini. Huko naogopa kufika. Lakini nitakuja. Adrien atanichukua wiki ya pili ya Julai. Mwambie mama apike sombe, na aondoe kitanda mlangoni.

Yaya wako,
Ézéchiel


Bunia, 2 Agosti 2009

Yaya,

Uko muzima? Mama alipika sombe, ikachacha, akapika nyingine. Julai yote imepita. Adrien hatujamwona, wanasema lori lake lilipita moja kwa moja kwenda Aru. Barua hii naipeleka kwa dereva mwingine.

Didier alikuja tena. Safari hii alikaa kwenye kiti. “Bado?” aliuliza. Nikasema bado. Akanywa maji, akaenda.

Jibu, hata mstari mmoja.

Mudogo wako,
Orly


Bunia, 30 Agosti 2009

Yaya yangu Ézéchiel,

Barua ya mwisho imerudi bila kufunguliwa. Kapita amesema hauko kule tangu Julai. Sijui hii nampa nani aipeleke, na salamu zangu sijui zinakukuta muzima au mgonjwa. Naandika tu.

Adrien amerudi kutoka Aru, akatuambia. Alikushusha asubuhi rond-point, kwenye mzunguko wa barabara hapa Bunia, mwendo mfupi tu kutoka kwetu. Ulikuwa na kitu kirefu kimefungwa kwenye gunia. Anasema ulisimama ukiangalia njia ya kwetu muda mrefu, ukikohoa, mpaka akakuuliza: “Ézé, nikusindikize?” Ukasema hapana. Halafu ukapanda pikipiki iliyokuwa inaelekea Nizi.

Mama aliposikia alikaa chini pale pale uwanjani.

Tulienda, yaya. Mimi, Mama Emerance na Didier, watatu juu ya pikipiki yake. Tulifuata maneno yako: kijito, mashine, mikaratusi. Nilikuwa naogopa hatutaona kitu, ni majani tu, na Didier atanigeukia. Lakini pale chini ya kichuguu majani yalikuwa yameng'olewa kwa mkono na udongo umepangwa vizuri. Na upande wa mlima umesimama ubao wa mti mgumu, wa kwenu huko, umechongwa kwa kisu: XAVIER. Herufi zote ziko. Ya kwanza umeichonga ndani kuliko zingine.

Didier alishika ule ubao, akaupima uzito kwa mikono. Njiani nilikuwa nimemsimulia bega lako lilivyovimba, akasema: “Na bega lile aliubeba toka Bafwasende?” Nikasema ndiyo. Akaenda kusimama mbali, mgongo kwetu.

Mama Emerance alipiga magoti. Hakuimba, hakuomba. Aliinama karibu na udongo kama anayemwamsha mtoto, akasema: “Xavier, mbuzi ilifunguliwa. Nilirudi toka njiani, nikaifungua mimi mwenyewe. Ilizaa mbili.”

Nilimuuliza: “Mama, kwa nini hukuniambia? Ningemwandikia yaya yangu mapema.” Akajibu: “Ile ilikuwa ya mutoto yangu asikie kwanza. Sasa mwandikie.”

Ninakuandikia, lakini wapi? Nizi hakuna aliyekuona tena. Wengine wanasema mtu mwenye kikohozi alielekea Kpandroma, wengine wanasema alishuka ziwani. Didier anazunguka na pikipiki akiuliza watu. Sikumwomba. Anasema anataka tu kukuona uso. Mimi namwamini. Mama bado hamwamini, lakini kitanda ameondoa mlangoni.

Nimekumbuka kitu kimoja. Maneno niliyoyasema kwa video yalikufikia huko kwenye mbao kabla barua yangu haijakaa vizuri mfukoni mwa Adrien. Basi nimerudi kwenye mikro. Mama Emerance anakaa benchi la mbele, yeye ndiye aliniruhusu. Kila filamu ya vita, kila askari anayekufa akicheza midomo, wa theluji au wa jangwani, nasema jambo lile lile: “Mbuzi ilifunguliwa. Mama mwenyewe aliifungua.” Hawacheki sana. Lakini vijana wa malori wako mule, wananiuliza maana yake, nami nawaambia: lisemeni tu kila mnaposimama, iwe Komanda, Mambasa, Mahagi au Kasenyi. Lisemeni kwa nguvu. Kuna mtu hajalisikia.

Mudogo wako,
Orly