Picha ya jua iliyoganda kwenye kioo changu

Alhamisi, mwezi wa kumi na moja. Ujiji.

Leo jua limewaka tangu asubuhi, jua kali la kuchoma utosi, nami nimelichukia. Jana lilikuwa wapi?

Nina hasira, na kwa bahati mbaya anayestahili hasira hizo ni mimi mwenyewe. Nimejaribu kuzigawa. Nimeigombeza printa. Nimemjibu vibaya mteja aliyetaka fotokopi moja tu ya cheti cha kuzaliwa, mzee wa watu ambaye hata shikamoo yangu aliipokea kwa upole. Nimeilaumu mvua yenyewe, kana kwamba mvua ya mwezi wa kumi na moja inahitaji ruhusa yangu. Hakuna kilichosaidia, kwa hiyo naandika.

Nianze na kompyuta, maana ndiyo chanzo. Hapana, chanzo ni mimi, kompyuta ni shahidi tu.

Mwezi wa tatu nilipakua programu inayobadilisha picha ya kioo cha kompyuta kufuata hali ya hewa ya nje. Wolpepa inayojibadili yenyewe. Kukiwa na jua, kioo kinaonyesha jua. Mvua ikinyesha, kinaonyesha mvua. Ilikuja na picha zake: theluji, misonobari, kibanda cha magogo kinachotoa moshi. Siku ya kwanza mvua iliponyesha Ujiji, ikaniletea mtaa wa watu waliovaa makoti marefu mpaka magotini. Nikacheka, halafu nikaudhika. Hapa dukani kwangu, kwenye steshenari yenye meza mbili na feni isiyozunguka, nani anavaa koti?

Basi nikachukua simu, nikashuka ufukweni, nikapiga picha zangu. Mahali pamoja, nimeelekea milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa: ya jua, ya mawingu, ya mvua, ya ukungu, ya radi. Ilinichukua wiki kadhaa kuzipata zote, na ile ya radi nusura niilipie kwa roho yangu. Nikazipakia kwenye programu. Kioo changu kikawa Ujiji.

Halafu nikaona ni upuuzi kompyuta kuniambia mvua inanyesha wakati mabati yameshaniambia. Nikaingia kwenye mipangilio, nikaiwekea ionyeshe hali ya saa tatu zijazo. Hapo ndipo nilipojiona fundi. Kioo nikakigeuzia mlangoni ili wapita njia nao waone.

Wapita njia waliona. Mmoja wao ni Mama mdogo Hadija.

Mama mdogo ndiye mdogo wa marehemu mama yangu, na ndiye aliyenilea. Anaanika dagaa mwaloni, pale ufukweni mitumbwi inaposhusha samaki, pamoja na wanawake wenzake kumi na saba. Huko kuna desturi moja ambayo hakuna aliyeiandika popote: dagaa wakishaletwa asubuhi, hakuna anayemwaga ndoo yake kwenye chanja mpaka Bi Hadija atazame milima ya ng'ambo na kusema "Anikeni." Hakuna aliyempigia kura. Ni kwamba tu kwa miaka mingi hakukosea, au alikosea mara chache kiasi cha kusameheka. Na kosa lake si dogo. Dagaa akinyeshewa akiwa nusu mkavu ni msiba: anageuka manjano, ananuka, na anaishia kuwa chakula cha kuku.

Mvua ziliporudi mwezi uliopita, Mama mdogo akaanza kupita dukani kila asubuhi kabla ya kuanika. Alisimama karibu na kioo, karibu mno, pua inakaribia kukigusa, akatazama, akashukuru, akaenda. Nilidhani anastaajabia kazi yangu. Siku moja akasema milima imetulia leo, na nikatambua kwamba anaamini kompyuta ina jicho lake huko ufukweni, kwamba anachokiona ni ziwa lenyewe saa ile ile.

Sikumsahihisha.

Niseme ukweli kwa nini. Nilipenda. Mwanamke huyu alinisomesha kompyuta kwa dagaa, chanja kwa chanja, na ndugu wote walisema anapoteza pesa, kwamba nitaishia kuuza kalamu. Nikaja nikaishia kuuza kalamu. Sasa kwa mara ya kwanza alikuwa anakihitaji nilichosomea. Kila asubuhi nilikuwa namsubiri. Kichwa kilivimba, hata mlango wa duka ulikuwa haunitoshi.

Na picha ilikuwa inapatia. Si kila siku, lakini ilipatia vya kutosha kwangu kuacha kuitilia shaka.

Jumatatu wiki hii kompyuta ilianza kujisasisha yenyewe bila kuniuliza na kula bando lote, kwa hiyo nikazima data. Programu bila intaneti haijui kitu. Haisemi haijui, inabaki na picha ya mwisho iliyokuwa nayo. Ya mwisho ilikuwa jua.

Jumanne mitumbwi ilirudi mitupu, hakukuwa na cha kuanika. Mchana akaingia Mwalimu Ntahondi, mteja wangu wa mitihani, amelowa chapachapa, bahasha kaificha ndani ya shati. Akatazama kioo, akatazama viatu vyake, akauliza: hapo kwenye picha ni wapi, ahamie? Tulicheka sana. Nikamwambia bando limeisha, nitanunua. Kwa hiyo nilijua. Tangu Jumanne saa nane nilijua kabisa kwamba kioo changu kinadanganya. Sikununua bando, sikukigeuzia kioo ukutani, sikuandika hata kikaratasi. Uvivu, basi. Sina neno lingine.

Jana asubuhi Mama mdogo alipita kama kawaida. Nilikuwa nafanya laminesheni ya vitambulisho vya kwaya, na kimoja kilikuwa kimejikunja ndani ya mashine, natoa jasho. Akauliza leo kunasemaje.

"Jua, Mama mdogo," nikasema. "Si unaliona?"

Sikuinua hata uso. Akashukuru, akaenda, akasema anikeni.

Mvua ilikuja saa saba. Ilivuka ziwa kutoka upande wa Kongo kwa haraka, ile mvua isiyotanguliza manyunyu. Nilipoisikia juu ya mabati nilitazama kioo, na pale palikuwa pakavu, milima inang'aa. Niliacha duka wazi nikakimbia. Nilipofika mwaloni wanawake walikuwa wanaanua kwa beseni, kwa ndoo, kwa khanga zao, na maturubai machache waliyokuwa nayo yalifunika chanja tatu nne tu. Nikabeba beseni kama wengine. Tulikuwa tumeshachelewa. Maji yakimwagika hayazoleki, na haya yalikuwa yamemwagikia kwa wanawake kumi na wanane.

Mvua ilipokata ndipo Mama Riziki akasema. Chanja zake zinapakana na za Mama mdogo, na hana maneno mengi, kwa hiyo akisema watu husikiliza.

"Bi Hadija, tunakuheshimu," alisema. "Lakini wingu lilikuwa limekaa pale kwenye milima tangu asubuhi, kila mtu kaliona. Tulinyamaza kwa sababu wewe ulishasema. Kumbe ulikwenda dukani kwa mtoto wako kuuliza picha."

Wengine wakatazama chini. Mmoja akasema taratibu, ego, na Kiha kile kilimaanisha ndiyo, wamekubaliana naye. Wakakata shauri palepale kwamba kuanzia Ijumaa neno la asubuhi litakuwa la Mama Riziki. Hawakumtukana Mama mdogo. Ingekuwa afadhali wangemtukana, angejua kuwajibu.

Yeye akasema jambo moja tu: "Mtoto hakujua. Neno lilikuwa langu."

Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake, beseni mkononi. Ilikuwa nafasi yangu. Ningesema nilijua, ningesema nilizima data tangu Jumatatu. Nikaweka beseni chini nikaanza kukamua khanga ya mtu, kwa bidii, kama nimeajiriwa kukamua.

Leo nimefunga duka adhuhuri nikaenda kumsaidia Mama mdogo kuchambua dagaa walioharibika. Nilitaka kumwambia tukiwa wawili. Nilijipanga njia nzima, na nilipofika nikaanza kuzungumzia bei ya khanga.

Tukachambua. Yeye huku, mimi huku, rundo katikati. Nikaona anamtia dagaa wa manjano kwenye beseni la wazima. Nikamtoa kimyakimya. Akamtia mwingine. Kisha nikaona kwamba kila anayemshika anamsugua kwa kidole gumba na kumpeleka puani. Nikadhani ni ustadi wa miaka. Halafu, kwa sauti ya chini ili jirani wasisikie, akauliza kama wingu limeshaondoka kwenye milima.

Niliinua macho. Hapakuwa na wingu. Milima ilikuwa wazi mpaka mikunjo yake, ungeweza kuihesabu.

"Si hiyo hapo, Mama mdogo," nikasema, nikacheka.

Hakucheka. Mikono yake iliendelea kusugua. Ndipo nikamtazama machoni vizuri, jambo ambalo sijui mara ya mwisho nililifanya lini, nikaona utando mweupe kwenye mboni, macho yote mawili, la kushoto zaidi. Nikauliza tangu lini. Akasema tangu Ramadhani. Usiku wa mwandamo watu walisema mwezi umeonekana, naye akasema ameuona, na tangu hapo amekuwa akisema ameona.

Kwa hiyo hakuwa anastaajabia kazi yangu. Hakuwa mama wa kizamani aliyerogwa na mashine, kama wanavyomcheka tangu jana. Alikuwa mtu aliyepotewa na milima yake, akaikuta dukani kwangu, mikubwa, yenye mwanga, mahali anapoweza kuisogelea hadi pua iguse. Alinipa kazi ya macho yake bila kuniambia. Na mimi nilimjibu huku nimeinamia kitambulisho cha kwaya.

Nilipandwa na hasira nyingine, hii ya kwake. Mtoto wa jicho hutibika! Anawajua watu wawili mtaani waliosafishwa macho na sasa wanachagua mchele. Nikamwambia. Akasema anaogopa kisu, na anaogopa zaidi kukaa wiki nzima nyumbani watu wakajua sababu. "Usimwambie mtu," akasema. Nikaitikia, maana ndiyo ninachojua kufanya.

Nimerudi dukani nikiwa nimebanwa pande zote. Nikinyamaza, Mama mdogo anabaki mzee aliyedanganywa na picha, na neno lake la miaka yote limekwisha kwa sababu yangu. Nikisema, nikasimama mbele yao nikasema kosa ni langu, swali la kwanza la Mama Riziki litakuwa: na yeye, mwenye kuisoma milima tangu ujana wake, picha aliitakia nini? Siwezi kuitoa siri yangu bila kuitoa yake. Jambo hili linaniudhi kuliko yote, kwamba hata kukiri kwangu kunamgharimu yeye.

Nimemaliza mchana nikigombana na vitu. Nimekifunika kioo kwa gazeti. Nikalifunua gazeti, maana wateja wanataka kuona wanachochapiwa.

Baada ya Magharibi nimempigia simu. Safari hii sikuanza na bei ya khanga. Nimesema data, nimesema Jumatatu, nimesema Mwalimu aliyelowa na jinsi tulivyocheka. Nimesema kwamba jana aliponitetea nilisikia kila neno. Nyuma yake nilikuwa nasikia kuku wake wakiingia bandani.

Nikamwambia nataka kuja kesho kusema mbele ya wote, lakini naogopa watauliza habari za macho.

"Wewe sema lako," akasema. "Macho yangu nitayasema mwenyewe."

Nililia kidogo. Yeye hakulia, au hakutaka nisikie. Akaendelea kwa sauti ya kawaida, kama anayeniagiza chumvi, kwamba nikishasema nisikimbilie dukani. Niketi pembeni yake nimwambie wingu liko wapi, lina rangi gani, limekaa au linatembea. Maana ya wingu anaijua yeye, na kama Mama Riziki ataipokea au ataikataa, hilo ni la Mama Riziki. Kisha akaniuliza kama nimekula.

Kuna jambo sikumwambia. Kwenye simu yangu nina picha nyingi mno za anga hili, za kila saa na kila rangi, nimezipanga kwa majina. Lakini angeniuliza papo hapo wingu lipi ni la mvua na lipi linapita tu, ningekwama. Nimezaliwa hapa, nimekulia hapa, milima ile imekuwa mbele yangu maisha yangu yote, na sijawahi kuitazama kwa ajili ya kitu chochote isipokuwa kuipiga picha.

Nimeweka kengele ya saa kumi na moja alfajiri. Nawaogopa wale wanawake, hasa Mama Riziki, ambaye alipoteza chanja mbili nzima na ana haki ya kunisema anavyotaka. Nitasimama nisemwe. Halafu nitaketi pembeni ya Mama mdogo, na akiniuliza naona nini, nitatazama mpaka nione.